Acheni Kuidunisha Contra ya Kaseti

Kuna kauli iliyoota mizizi miongoni mwa wapenzi wa gemu kongwe, na husemwa kwa ujeuri wa mtu anayejua hataulizwa ushahidi. Inasema hivi: gemu ya kufyatua risasi iliyozaliwa kwenye mashine ya sarafu, ile ya kuchezwa ukumbini watu wamesimama, ndiyo gemu yenyewe. Ile iliyofuata kwenye kaseti, ya kuchezea nyumbani kwenye televisheni, ni kivuli chake tu, na anayeisifu anasifu utoto wake.

Hapa Mokowe, Lamu, kauli hii ilitufikia pamoja na PS4. Mwaka 2019 Konami walitoa mkusanyo uitwao Contra Anniversary Collection, na ndani yake Contra ya mashine ya sarafu na Contra ya kaseti zimewekwa kwenye menyu moja. Tangu hapo, ukikaa na vijana kwenye kibanda cha gemu huku abiria wa basi la Mombasa wakiburura mizigo kuelekea gatini, hukosi wa kukusomesha. "Ami, hii ndiyo orijino," atakwambia huku akiichagua ile ya ukumbini. "Ile yenu ya kaseti mliuziwa mbuzi kwenye gunia."

Naipinga kauli hiyo, na siipingi kwa huruma. Siombi Contra ya kaseti isamehewe udogo wake. Nasema ni gemu bora kuliko ile ya ukumbini, na kwamba mizani inayotumiwa kuipimia ndiyo mbovu.

Hoja yao ya kwanza ni kutangulia. Contra ilitoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1987, na kwenye kaseti ikatoka Februari 1988. Hilo halina ubishi. Lakini tangu lini kutangulia kukawa ndiko kukamilika? Mashine ya sarafu ilikuwa na mabwana wawili: anayecheza na mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi alitaka mchezaji apate ladha kidogo, afe, kisha atie sarafu nyingine au ampishe mwenziwe. Mtu hodari anayecheza nusu saa kwa sarafu moja alikuwa hasara iliyosimama. Ugumu wa gemu zile, basi, ulikuwa na kazi yake ya biashara kabla haujawa sanaa. Kila shimo, kila risasi ya kushtukiza, ilikuwa na mkono mmoja mfukoni mwa mchezaji.

Tena hiyo asili wanayoitukuza haikuwa moja. Ndani ya mashine nyingi za miaka ya 1980, kwenye bodi yake, kuna safu ya swichi ndogondogo. Kwa swichi hizo mwenye ukumbi alichagua mchezaji aanze na maisha mangapi, adui wawe wakali kiasi gani, na alama ngapi zilete maisha ya ziada. Ukumbi wa mtaa huu uliweza kuwa mkali kuliko wa mtaa wa pili, ilhali jina juu ya mashine ni lile lile. Kijana wangu, unaponiambia orijino, wamaanisha ya swichi zipi?

Hoja yao ya pili ni kwamba kaseti ilipunguza. Wanazitaja rangi, wanautaja muziki, wanautaja ukubwa wa maadui. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa rangi na sauti mashine ya ukumbini ni tajiri. Chipu yake ya muziki ilikuwa na njia nane za sauti, na Famicom ya Nintendo, mashine ambayo kaseti yetu iliandikiwa, ina njia tano za sauti sahili. Famicom ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti mbili tu. Kaseti nzima ya Contra ya Marekani, kwa picha zake, muziki wake na steji zake zote, ni kilobaiti 128. Hakuna anayekana ufinyu huo. Swali ni waliohamisha gemu walifanya nini ndani yake.

Tuziweke ubavu kwa ubavu, maadamu mkusanyo wa 2019 umeturahisishia. Skrini ya Contra ya ukumbini imesimama wima, urefu wake umeuzidi upana. Ajabu ni kwamba steji ya kwanza, ile ya msituni, inaenda kutoka kushoto hadi kulia. Juu ya kichwa cha mchezaji pana anga tele lisilo na kazi, na mbele yake, kule anakokimbilia, pana nafasi finyu, hata askari wanachomoza karibu na pua. Walioiandikia kaseti walilazimika kuitandaza gemu ienee kwenye televisheni, ambayo ni pana. Kulazimika huko kukawa ndiyo dawa. Sasa adui unamwona akija, una muda wa kuamua kama utaruka, utalala chini au utapiga kwa pembe. Ukifa, unajua umekufa kwa nini.

Nenda steji za ndani ya ngome, pale ambapo tunamwona mchezaji kwa mgongoni akipasua ukuta mmoja baada ya mwingine. Kwenye mashine ya sarafu kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwenye kaseti saa hiyo haipo. Wakosoaji wanaiita kulegeza kamba. Mimi nauliza ile saa ilikuwa ikimtumikia nani. Askari wa ngomeni hawamhitaji mlinda saa ili wakuue, wanajiweza. Aliyeihitaji ni mwenye ukumbi, ambaye mteja aliyejificha pembeni akisoma mwendo wa risasi alikuwa anamkalia nafasi bure. Nyumbani hakuna foleni nyuma yako. Saa ikaondolewa, na kusoma mwendo wa risasi kukawa ndiyo gemu.

Kisha tazama mwisho wake. Uwanja wa theluji, eneo la mitambo ya nishati, karakana na pango la kiumbe wa mwisho, kwenye mashine ya ukumbini vimeunganishwa vikawa steji moja ya kupita mbio. Kwenye kaseti kila kimoja kimekuwa steji kamili yenye bosi wake, na jumla ya steji ikafika nane. Kaseti ya Kijapani iliongeza hata ramani kati ya steji, ikionyesha umefika wapi kwenye visiwa vya Galuga, na miti ya msituni ikayumba kwa upepo. Hivyo vyote havikuwamo kwenye "orijino". Mtu akikuletea nyumba yenye vyumba vingi kuliko ile ya kwanza, huwezi kuiita nusu nyumba kwa sababu rangi ya ukuta imefifia.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote umo kwenye ile kodi ambayo hata wasiocheza gemu wamewahi kuisikia: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki Februari 2020. Alipokuwa akihamisha Gradius, gemu ya vyombo vya angani ya mwaka 1985, kutoka mashine ya sarafu kwenda Famicom mwaka 1986, aliiona ngumu mno kuijaribu. Akajiwekea njia ya mkato ya kupata silaha zote. Njia hiyo ikabaki ndani ya kaseti, na Contra ilipofika nyumbani, kodi ile ile ikawa inampa mchezaji maisha 30 badala ya matatu.

Fikiria kwa nini kodi hiyo haikuzaliwa ukumbini. Mashine inayokula sarafu ikikupa maisha 30 kwa sarafu moja, imejikata koo. Ilibidi gemu ihamie nyumbani, mahali ambapo mchezaji amekwisha kulipa, ndipo mtengenezaji aweze kuwa mkarimu. Na ukarimu huo ndio uliowafikisha watoto wa kawaida steji ya nane. Kati ya kaseti zilizotufikia huku, zile za menyu ndefu zinazodai gemu mamia au mamilioni, Contra ilirudiwarudiwa: moja ya maisha 30, nyingine inaanzia steji ya mbele, nyingine inakupa silaha ya S tangu hatua ya kwanza, ile inayotapanya risasi tano kwa mpigo. Wengi wetu hatukuhitaji kuikariri kodi ya Hashimoto, maana mtu fulani kiwandani alikuwa ameshatubonyezea.

Watasema huo ni udanganyifu, kwamba aliyemaliza kwa maisha 30 hakumaliza. Hebu na wacheze steji ya tatu wawili wawili, ile ya maporomoko ya maji. Skrini inapanda tu, haishuki. Anayetangulia kuruka kwenye jabali la juu anaivuta skrini nayo, na mwenziwe aliyebaki chini anafutika ukingoni na kufa, bila hata kuguswa na adui. Maisha 30 yanaweza kuyeyuka pale kwa pupa ya ndugu mmoja. Mtoto anamsikia mwenziwe akilia "ningoje!" na anaelewa kwamba gemu hii ya bunduki inataka kungojana. Steji hiyo ipo ukumbini pia, lakini ukumbini aliye kando yako huenda ni mpita njia aliyetia sarafu yake. Nyumbani ni kakako, na mtakula sinia moja usiku huo.

Hapo wanaopinga hurukia udhaifu wa mtambo. Wanasema Famicom haiwezi hata kuonyesha maadui wengi bila picha kumetameta. Kweli. Mtambo ule hauwezi kuchora zaidi ya vipande vinane vya picha kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vya ziada havionekani. Basi waandishi wa programu wakawa wanabadilisha zamu ya vipande kila fremu, ili asitoweke adui yeyote moja kwa moja. Kumetameta unakokuona ni zamu hiyo: kila adui anapata haki yake ya kuonekana, kidogo kidogo. Anayeona kasoro tu hapo hajaelewa kazi iliyofanyika.

Na mipaka ya mtambo imezaa sanaa hata huko ukumbini wanakokuabudu. Space Invaders ya Taito, iliyoundwa na Tomohiro Nishikado mwaka 1978, inasifika kwa namna wavamizi wanavyoongeza kasi kadiri wanavyopungua. Kasi hiyo ilianza kama udhaifu: kichakataji kilikuwa kizito kuwachora wavamizi 55 kwa pamoja, na kila mmoja alipouawa mzigo ukapungua, waliobaki wakaenda mbio. Nishikado akaiacha ibaki. Udhaifu wa ukumbini ukiitwa ubunifu, kwa nini udhaifu wa nyumbani uitwe aibu?

Gemu hiyo hiyo inatoa jibu jingine. Mwaka 1980 ilihamishiwa Atari 2600 na Rick Maurer. Wavamizi wakapungua kutoka 55 hadi 36, na yeyote mwenye macho aliliona hilo. Lakini kaseti ile ilikuwa na namna 112 za kucheza: ngao zinazotembea, wavamizi wasioonekana, wachezaji wawili kwa wakati mmoja. Watu walinunua Atari kwa ajili ya kaseti hiyo. Waliokuwa na mashine ya ukumbini mtaani kwao, wenye uwezo wa kulinganisha, hawakuiona kuwa nusu gemu.

Siwezi kudai kila kaseti ilifaulu, na anayetetea jambo kwa kuficha maovu yake hulidhuru. 1942 ya Capcom, gemu ya ndege ya mwaka 1984, ilipoletwa Famicom mwaka 1985 na kampuni ya Micronics ilitoka ikichechemea. Mwendo unakwamakwama, na mahali pa muziki pana milio ya kukera sikio. Nayo ilikuwa kwenye kaseti zetu za menyu ndefu, na hata utotoni tulikuwa tukiipita. Lakini tazama kosa lake liko wapi. 1942 ya kaseti inakwenda kule kule inakokwenda ya ukumbini, adui ni wale wale, na bado ni mbaya, kwa sababu haikutengenezwa vizuri kwa mahali ilipofikia. Contra iliacha mengi ya ukumbini ikawa nzuri. Kama kufanana na ya kwanza kungekuwa ndiyo kipimo, majibu yangegeuka.

Mtu wa Lamu, kuliko watu wote, hapaswi kuhitaji kufundishwa hili. Katika ushairi wetu kuna takhmisi: mshairi anachukua vipande viwili vya mwenziwe, anavitangulizia vitatu vyake, na ubeti unakuwa wa vitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Sijawahi kumsikia mwanazuoni wa Lamu akiitupa takhmisi hiyo kwa kuwa Liyongo alitangulia, wala akiipima kwa kuhesabu imebakisha maneno mangapi ya Liyongo. Huulizwa kama vipande vipya vimekaa, kama vina vimekubali, kama ubeti unasimama. Tukikaa chini kusikiliza mashairi tunakuwa na akili hiyo, na tukishika padi ya gemu tunaiacha mlangoni.

Imebaki hoja yao ya tatu, nayo ndiyo wanayoipenda: kwamba tunaitetea kaseti kwa sababu ya utoto. Hapa nao wana chembe ya ukweli, ila wameishika kwa mkia. Televisheni za Kenya zilitumia mfumo wa PAL, fremu 50 kwa sekunde. Gemu ziliandikwa kwa televisheni za Japani na Marekani, fremu 60. Mashine za kuiga Famicom zilizoundwa kwa soko la PAL zilicheza kaseti zile zile kwa fremu 50, kwa hiyo gemu ikaenda polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na muziki nao ukanyooka. Ulaya ya Magharibi hali ilikuwa tofauti zaidi: huko Contra iliuzwa kwa jina la Probotector, na wapiganaji wake, Bill na Lance, wakageuzwa roboti. Mashine za kuiga hazikujua habari ya Probotector. Hivyo aliyecheza kwenye mashine ya namna hiyo alipata kitu ambacho Tokyo hawakuwa nacho, wala Berlin: mwendo wa PAL, na wapiganaji wakiwa binadamu.

Mtu aliyekulia mwendo huo akiifungua Contra ya 2019 kwa fremu 60, mkono wake unachelewa. Anaruka daraja linalolipuka msituni kwa mazoea, na linamfia miguuni. Wao wanasema huo ndio ushahidi kwamba tulicheza kitu kibovu. Mimi nasema ni ushahidi kwamba tulicheza kitu chenye tabia yake, kikaingia mikononi. Tena sifa nilizozitaja, upana wa skrini, kukosekana kwa saa ngomeni, steji nane, hazihitaji utoto wa mtu yeyote. Mpe padi kijana aliyezaliwa baada ya laini ya umeme wa taifa kufika Lamu, asiyewahi kuona kaseti, umwachie zote mbili. Usimwambie ipi ni ipi. Ukisikia hoja ya utoto tena baada ya hapo, uliza utoto wa nani.

Kuna wanaolileta suala la wizi ili kufunga mjadala. Mashine zile ziliigwa bila ruhusa, kaseti zilinakiliwa, na Konami hawakupata senti. Ni kweli, na ilikuwa dhuluma. Lakini hiyo ni kesi ya waliotengeneza na kuuza, na haina uhusiano na ubora wa kazi iliyonakiliwa. Contra ya kaseti iliandikwa na Konami wenyewe. Aliyeiba hakuibadilisha ikawa duni. Anayechanganya kesi hizi mbili anatafuta njia ya kutusema sisi tulioicheza, na gemu amekwisha kuiacha kando.

Kwa maana kiini cha kauli hii, ukiivua nguo zake, ni dharau kwa waliokuwa mbali na ukumbi. Mokowe haikuwa na mashine za sarafu. Ilikuwa na televisheni chache, umeme wa jenereta wa kuhesabiwa saa, na gemu ambayo mtu aliyeizoea huimaliza chini ya nusu saa, kabla taa hazijazimika. Ukumbi wa Tokyo ukifanywa ndiyo kipimo pekee, basi historia ya gemu ya Mokowe, ya Faza, ya Tanga na ya Unguja inakuwa historia ya kukosa. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema wahenga, na wachache sana wametuandikia letu. Lakini tulikuwapo. Tulicheza Galaga, Galaxian na Contra kwa kanuni zake kamili. Kwenye Galaga ya kaseti chombo chako bado kinatekwa na mwali, bado unaweza kukikomboa kikapigana ubavu kwa ubavu na cha pili, ingawa mashine ya ukumbini ilikuwa na vichakataji vitatu na yetu kimoja. Kanuni ilivuka bahari salama, na kanuni ndiyo gemu.

Nawaomba basi wenye vibanda mambo mawili. La kwanza, kaseti zenu kuukuu msiwape watoto wazichezee mchangani. Zina matoleo na menyu ambazo Konami hawakuziweka kwenye mkusanyo wowote, na zikiharibika hakuna wa kuzirudisha. La pili, mteja akiwauliza Contra ni ipi, msimwanzishe na ya ukumbini kwa sababu tu ilitangulia mwaka mmoja. Ile ni rasimu yenye rangi nzuri. Mwanzisheni na ya kaseti, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyoimaliza.